Hesabu Yetu Isiishie Sokoni

Kuna kauli moja iliyorudiwa sana chamani mwaka huu, na sasa inakaribia kuwa kanuni: Kiswahili ni lugha ya moyo, Kiingereza ni lugha ya kichwa. Aliyeisema mara ya kwanza alikuwa na nia njema. Tulikuwa tunapanga ratiba ya muhula ujao, mtu akapendekeza tuwe na jioni moja ya sayansi, na jibu likawa hilo. Ratiba ikapita bila jioni hiyo. Tutakuwa na jioni ya mapishi, jioni ya methali, jioni ya taarabu, na ile ya kanga, ambayo mimi huwa sikosi kwa sababu ya sambusa.

Nasoma hisabati, mwaka wa pili, na sikubaliani na kauli hiyo. Badala ya kubishana hewani nataka kuchukua namba moja kubwa na kuizungumzia kwa Kiswahili kuanzia mwanzo mpaka mwisho, pamoja na uthibitisho wake, halafu wewe msomaji uamue kama kuna mahali lugha imekwama. Namba yenyewe ni 4,294,967,297.

Kwanza isome kwa sauti. Bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, laki tisa, elfu sitini na saba, mia mbili tisini na saba. Najua wengi wetu tuliolelewa huku tunafika "milioni" tukaanza kutapatapa, kisha tunamalizia kwa Kiingereza. Lakini sikiliza jina hilo lilivyo. "Nne" na "mbili" ni za Kibantu, zina jamaa zake mpaka kusini mwa Afrika. "Mia", "elfu", "saba", "tisa" na "sitini" zimetoka Uarabuni. "Laki" imevuka bahari kutoka India. "Milioni" na "bilioni" zimefika na Wazungu. Namba moja tu, na ndani yake kuna bandari nzima. Lugha iliyoweza kukusanya majina haya yote kwa ajili ya kuhesabu mizigo na fedha haikuwa lugha ya moyo peke yake.

Sasa twende kwenye bao.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete zake ni 64. Kwa dakika chache sahau sheria za mchezo: hakuna nyumba, hakuna kichwa wala kimbi, hakuna kutakata. Weka kete moja katika shimo la kwanza. La pili weka mbili, la tatu nne, la nne nane, na kuendelea hivyo, kila shimo mara mbili ya lile lililotangulia. Ukifika mwisho wa safu ya kwanza, shimo la nane lina kete 128 na safu nzima ina kete 255. Tayari umemaliza kete za mabao matatu na wachezaji wanakununia. Mwisho wa safu ya pili jumla ni 65,535. Mwisho wa safu ya tatu, 16,777,215. Shimo la mwisho peke yake litataka kete 2,147,483,648, na bao zima litakuwa na kete 4,294,967,295.

Hata kama kila kete ingekuwa na uzito wa gramu moja tu, hizo ni zaidi ya tani 4,294. Lori la tani thelathini lingehitaji safari 144. Na kama ungekaa kuzihesabu moja kwa sekunde, usiku na mchana, bila kula wala kulala, ungemaliza baada ya miaka 136 hivi.

Angalia jambo moja kabla hatujasonga mbele. Kila unaposimama, jumla ya kete zilizomo ni pungufu kwa moja tu ya kete zinazohitajika kwa shimo linalofuata. Moja, mbili na nne ni saba, na shimo linalofuata linataka nane. Kwa hiyo kujua jumla ya bao zima huna haja ya kujumlisha mashimo 32. Fikiria tu shimo la 33 ambalo halipo, ambalo lingetaka 2³², yaani mbili kwa kipeo cha thelathini na mbili, kisha toa moja. Namba yangu ni 2³² ukiongeza moja. Kwa maneno mengine, ni bao lililojaa na kete mbili juu yake.

Hizo kete mbili ndizo zilizosumbua watu kwa karibu karne nzima.

Inabidi niseme kidogo juu ya namba tasa. Namba tasa ni ile inayogawanyika kwa moja na kwa yenyewe tu, bila baki: 2, 3, 5, 7, 11 na kadhalika. Jina hili kuna wasiolipenda, na nimewahi kusikia ubishi mkali juu yake, kwa kuwa tasa ni neno zito kwa mwanamke na hata kwa mbuzi. Mimi silipingi kwa sababu hiyo. Ninachoona ni kwamba limegeuza mambo. Kila namba nzima inayozidi moja ama ni tasa au imezaliwa na namba tasa zilizozidishwa pamoja, na kila moja ina wazazi wake wale wale siku zote: 12 ni 2 mara 2 mara 3, huwezi kuipata kwa tasa nyingine. Basi hizi tunazoziita tasa ndizo mama wa namba nyingine zote. Tasa kwa maana kwamba hazivunjiki, sawa. Kwa maana ya kutozaa, hapana. Lakini limo vitabuni, limezoeleka, na jina lenye ubishi ndani yake hukaa kichwani kuliko jina bapa.

Rudi kwenye bao. Zile kete 255 za safu ya kwanza ni 3 mara 5 mara 17. Kete 65,535 za safu mbili ni 255 mara 257. Na bao zima, kete 4,294,967,295, ni 65,535 mara 65,537. Yaani:

4,294,967,295 = 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537

Na zote tano ni tasa! Nilipoliona hili mara ya kwanza nilirudia kuzidisha kwa mkono kwa sababu sikuamini. Mashimo 32, kila moja limejazwa kwa kanuni ile ile isiyo na hila, na jumla yake inavunjika katika vipande vitano vizuri kiasi hiki. Tena vipande vyenyewe ni ndugu. Chukua 2, ongeza moja: 3. Zidisha 2 kwa yenyewe upate 4, ongeza moja: 5. Zidisha 4 kwa yenyewe upate 16, ongeza moja: 17. Kisha 256 na moja, 257. Kisha 65,536 na moja, 65,537.

Ndugu anayefuata katika ukoo huo anapatikana kwa kuzidisha 65,536 kwa yenyewe na kuongeza moja. Huyo ni 4,294,967,297.

Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse huko Ufaransa aliyefanya hisabati kwa kujifurahisha, aliutazama ukoo huu mwaka 1640. Watano wa kwanza ni tasa. Akaandika katika barua zake kwamba anaamini wote ni tasa, hata wasiohesabika, ingawa alikiri kwamba hana uthibitisho. Ni rahisi kumwelewa. Ukiona ndugu watano wote warefu, wa sita utamtarajia awe mrefu. Isitoshe, wa sita huyu anaonekana kuwa na ushahidi mzuri upande wake: ukimgawanya kwa 3 anabakisha 2, kwa 5 anabakisha 2, kwa 17 anabakisha 2, na hivyo hivyo kwa 257 na 65,537, kwa sababu bao lililojaa linagawanyika kwa zote na zinabaki zile kete mbili za juu. Hakuna hata mmoja wa kaka zake anayeweza kumgawa.

Miaka ikapita. Desemba 1729 Christian Goldbach alimwandikia kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, Leonhard Euler, akimwuliza kama ameisikia dai hilo la Fermat. Euler alikuwa na miaka 22. Mwaka 1732 alitoa jibu: namba ya sita si tasa. Inagawanyika kwa 641.

4,294,967,297 = 641 × 6,700,417

Hapa ndipo panaponifurahisha. Namba tasa zilizo ndogo kuliko 641 ni 115 tu. Fermat angekaa na kalamu na kuzijaribu moja moja, angefika kwenye jibu kwa siku chache za uvumilivu. Wala hakuhitaji hata hizo siku. Baadaye Euler alionyesha kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii lazima kikigawanywa kwa 64 kibakishe moja, na njia ya kulithibitisha hilo inategemea kanuni ya Fermat mwenyewe, aliyoitoa mwaka ule ule wa 1640! Kwa hiyo wagombea ni 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641 na kuendelea. Ondoa wasio tasa: zinabaki 193, 257, 449, 577, 641. Ile 257 tumeshaiondoa kwa hoja ya bao. Jaribu 193, inabakisha. Jaribu 449, inabakisha. Jaribu 577, inabakisha. Jaribu 641.

Mara nne tu. Kazi ya nusu saa kwa mtu anayejua kugawanya, na ilikaa miaka 92 bila kufanywa.

(Kuna mtoto wa Vermont, Zerah Colburn, aliyepelekwa London mwaka 1812 akiwa na miaka kama minane ili watu wamshangae anavyokokotoa kichwani. Walimpa namba hii hii, na inasimuliwa kwamba alizitaja 641 na 6,700,417 bila kuandika kitu. Mimi kwa umri huo nilikuwa sijui saa ngapi ni saa ngapi, maana nyumbani saa ilisomwa kwa Kiswahili na shuleni kwa Kiingereza, tofauti ya saa sita kila siku.)

Sasa uthibitisho, kama nilivyoahidi. Sitaki umwamini Euler wala uiamini simu yako. Chukua karatasi.

641 inaweza kuandikwa kwa namna mbili. Ni 640 na moja. Pia ni 625 na 16, yaani 5⁴ na 2⁴. Shika zote mbili.

Tuseme A ni 640 kwa kipeo cha nne. Kwa kuwa 640 ni 5 mara 2⁷, A ni sawa na 5⁴ mara 2²⁸, yaani 625 mara 2²⁸.

Hatua ya kwanza: A ukitoa moja inagawanyika kwa 641. Kwa nini? Kwa sababu 640⁴ − 1 ni zao la (640² + 1) na (640² − 1), na hii ya pili ni zao la (640 + 1) na (640 − 1). Ile 640 + 1 ndiyo 641 yetu, imo ndani.

Hatua ya pili: A ukiongeza 2³² nayo inagawanyika kwa 641. Kwa sababu 2³² ni 16 mara 2²⁸, basi A + 2³² ni 2²⁸ mara (625 + 16), yaani 2²⁸ mara 641.

Basi tuna namba mbili, zote ni vigawe vya 641. Ukitoa kigawe kimoja kutoka kwa kingine unapata kigawe pia. Toa ya kwanza kutoka kwa ya pili:

(A + 2³²) − (A − 1) = 2³² + 1

A imekwenda zake, na kilichobaki ni 4,294,967,297. Inagawanyika kwa 641, na hatukugawanya hata mara moja.

Naomba sasa urudi nyuma uangalie maneno niliyotumia. Tuseme. Kwa kuwa. Basi. Yaani. Kwa hiyo. Alama za hisabati ni zile zile duniani kote, lakini alama hazifikiri peke yake. Zinashikwa na maneno haya madogo, na kuyajua haya ndiyo kujua kuthibitisha. Sisi wote tunayo tangu utotoni. Ni maneno ya mama anapokuhoji umetoka wapi saa hizi.

Na istilahi zenyewe? Mimi nadhani baadhi yake ni bora kuliko tulizojifunza shuleni huku. Kigawo ni kile kinachogawa. Kigawe ni kile kinachogawiwa. Herufi moja mwishoni inafanya kazi yote, kama vile kiumbe ni kilichoumbwa na mtume ni aliyetumwa. Kipeo ni kule kupandisha. Kipeuo ni kukirudisha chini kile kilichopandishwa, na mimi humo nasikia ile "u" ya funga na fungua, ziba na zibua. Witiri ni namba isiyogawanyika kwa mbili, na aliyewahi kuamshwa usiku na bibi yake kusali witiri hahitaji kufafanuliwa zaidi. Kwa Kiingereza maneno haya nilikariri. Kwa Kiswahili niliyaelewa kwa kuyasikia tu.

Wapo watakaosema: mifano yako ni mizuri, lakini nani atafanya haya kwa Kiswahili, na kwa faida gani? Ajira ni kwa Kiingereza, vitabu ni kwa Kiingereza, mtihani ni kwa Kiingereza. Kweli kabisa. Sijapendekeza niandike mtihani wa mwisho wa muhula kwa Kiswahili, na profesa wangu angenishangaa. Nitatoa jibu langu kwa kisa kimoja kifupi.

Baba yangu alisoma shule ya msingi Iringa, kwa Kiswahili, na alikuwa hodari wa hesabu. Alipofika kidato cha kwanza, lugha ikabadilika siku moja kama taa inavyozimwa. Aliwahi kunisimulia kwamba muhula mzima alidhani namba tasa zimefutwa na badala yake kuna kitu kipya anachofundishwa, mpaka rafiki yake mmoja akamwambia, "Wewe, ni zile zile." Huku Marekani ananiuliza masomo yanaendaje, mimi nasema salama, naye anasema haya, soma kwa bidii mwanangu. Miaka miwili ya chuo, mazungumzo yetu yote juu ya kazi ninayoifanya kila siku yalikuwa hayo.

Nilipokuwa naandika makala hii nilimpigia. Nikamwamkia, akaniuliza kama nimekula, nikamwambia ashike kalamu.

"Kalamu ya nini usiku huu?"

Nikamsomea uthibitisho ulioko hapo juu, kwa maneno yale yale. Alinikatiza mara mbili. Mara ya kwanza aliuliza kipeo cha ngapi. Mara ya pili, nilipofika kwenye kutoa, hakunisubiri. "Ngoja. A inakufa," akasema. Kimya. Nikasikia kalamu. "A inakufa, inabaki mbili kwa thelathini na mbili, na ile moja. Eh! Kumbe haya ndiyo mnayosoma huko?"

Tukaongea saa nzima. Aliyekuwa akiniuliza maswali hakuwa mzazi anayejua kusema soma kwa bidii. Alikuwa mtu wa hesabu.

Kwa hiyo ninapoulizwa faida, faida ndiyo hiyo. Sisi tuliozaliwa au kukulia huku tuna Kiswahili cha jikoni na cha salamu. Kila jambo likiwa gumu kidogo tunahamia Kiingereza, mwaka baada ya mwaka, mpaka unajikuta una miaka ishirini na Kiswahili chako kina miaka saba. Halafu tunasema lugha yenyewe ndiyo isiyoweza. Angalia mada zetu darasani, na hapa nawaomba walimu wetu mnisamehe: harusi, chakula, familia, methali, sokoni. Sokoni ndipo tunapohesabu. Nyanya fungu shilingi elfu moja, punguza kidogo mama. Hesabu yetu ya Kiswahili inaishia hapo, kwenye fungu la nyanya, na kila muhula tunarudi kwenye fungu lile lile.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la istilahi kutofautiana. Mkenya atasema nambari, Mtanzania namba. Mwenzetu mmoja mwenye asili ya Lubumbashi anasema kwao bei nyingi zinatajwa kwa Kifaransa, na kwamba akiambiwa "tisini na tisa" lazima asimame kidogo. Mtaalamu mmoja anatumia neno hili na mwingine lile. Sioni kama hilo ni sababu ya kuacha. Tunabishana kila mwaka kama ni chapati au chapo na hakuna aliyependekeza tuache kula. Istilahi hutulia zinapotumiwa na watu wengi mara nyingi. Zikikaa kwenye kamusi zinangoja tu.

Niseme pia jambo kuhusu wazo kwamba hesabu ni ya wengine. Hapa hapa Marekani, Virginia, aliishi mtu aliyeitwa Thomas Fuller, aliyeletwa mtumwa kutoka Afrika Magharibi mwaka 1724 akiwa na miaka kama 14. Hakujua kusoma wala kuandika. Uzeeni aliulizwa mtu mwenye miaka 70, siku 17 na saa 12 ameishi sekunde ngapi. Alijibu baada ya dakika moja na nusu: 2,210,500,800. Mmoja wa waliomwuliza, aliyekuwa akikokotoa kwa karatasi, akasema amezidisha mno. Fuller akamjibu kwamba yeye bwana amesahau miaka mirefu. Nimeikagua hesabu hiyo kwa kuweka siku 17 za miaka mirefu, na Fuller alikuwa sahihi mpaka sekunde ya mwisho. Natamani kujua kichwani mwake zilikuwa zikihesabiwa kwa lugha gani.

Pendekezo langu kwa kamati ni dogo. Jioni moja kwa muhula, chumba kile kile, hata chai ile ile. Mtu mmoja analeta jambo analolisoma, la hisabati, la kemia, la sheria, la kompyuta, analieleza kwa Kiswahili kwa nusu saa, na wengine wanaruhusiwa kumsimamisha anapokimbilia Kiingereza. Atakayekosa neno aulize ukumbini. Tuna walimu wanne na wazazi kwenye simu. Kwa walimu, ombi langu ni kwamba insha ya mwisho wa muhula iruhusiwe kuwa juu ya masomo yetu ya upande wa pili. Kuna mwenzetu anayesoma figo mwaka wa tatu sasa, na insha zake zote za Kiswahili ni juu ya pilau.

Niko tayari kuanza mimi. Bao la chama lipo kabatini, limepungukiwa kete tatu lakini kwa kazi yangu hazihitajiki nyingi. Nitakayoileta ni hii: acha shimo la mwisho tupu, ujaze 31 tu kwa kanuni ile ile. Jumla ni 2,147,483,647. Bao la mashimo 32 linavunjika vipande vitano. Hili la 31 halivunjiki kabisa, ni tasa, na ni Euler tena aliyelithibitisha hilo mwaka 1772. Ndiyo namba kubwa kuliko zote ambayo kompyuta nyingi za zamani zinaweza kufikia katika kuhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na zitaifikia Jumanne, 19 Januari 2038. Nairobi na Dar es Salaam itakuwa saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi, na sekunde saba. Kwa nini shimo moja linageuza mambo hivyo, tutaanzia hapo, kamati ikitupa chumba.